Mnandi kifua-cheupe na mnandi mkia-mrefu: ukubwa pekee hautoshi kuwatofautisha

Wadau wapenda ndege wa Nairobi na vitongoji vyake, nawasalimu nyote.

Nimeona ni heri niandike kwa kirefu kuhusu minandi wetu wawili, ndege wa majini wapigao mbizi kuvua samaki, kwa sababu kila inapowekwa hapa picha ya mnandi mwenye tumbo jeupe, wengi wetu hukimbilia kumwita kifua-cheupe, na mara nyingi ndege huyo huwa ni mkia-mrefu mchanga. Kosa hilo lina chanzo kinachoeleweka. Mkia-mrefu aliyekomaa, wakati wa kuzaliana, ni mweusi kuanzia utosini hadi mkiani, kwa hiyo mtu akiona weupe wowote huamini kwamba hawezi kuwa yeye. Lakini makinda wa mkia-mrefu huondoka kiotani wakiwa na mgongo wa kahawia na upande wa chini uliopauka, mweupe wenye kuingiliwa na rangi ya maziwa ya mtindi, nao hukaa na mavazi hayo kwa muda mrefu kabla ya kugeuka weusi. Ndio maana weupe, ambao ndio unaotuvutia kwanza, ni ushahidi dhaifu kuliko yote.

Wengine hutegemea ukubwa. Kitabuni tofauti ni kubwa mno: kifua-cheupe ana urefu wa sentimita 80 hadi 100 kutoka ncha ya mdomo hadi ncha ya mkia, na mkia-mrefu ni sentimita 50 hadi 55 tu. Kwa uzani, wa kwanza huzidi kilo moja na nusu bila shida, na wa pili ana nusu kilo hivi. Wakikaa kwenye tawi moja, hata mtoto mdogo atawatenganisha. Taabu ni kwamba hawakai kwenye tawi moja kila tunapowahitaji. Pale Hyena Dam, ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, unaweza kumwona mmoja peke yake juu ya kisiki kilicho mbali, bila bata wala korongo karibu wa kumlinganisha naye, na picha ya simu iliyovutwa karibu haikuambii kama kisiki chenyewe ni kinene au ni chembamba. Katika hali hiyo ukubwa ni makisio, na makisio hufuata kile ambacho mtu alitamani kukiona.

Mimi huanza na mkia, kisha mdomo, na mambo mengine baadaye. Mkia wa mkia-mrefu ni mrefu kwa kweli ukilinganisha na mwili wake. Akikaa wima juu ya tawi unaning'inia chini sana, na ncha yake imepunguapungua kuelekea pembeni, kwa kuwa manyoya ya katikati ni marefu kuliko ya kando. Kifua-cheupe naye ana mkia mgumu, wenye nguvu, lakini mbele ya mwili mnene na shingo nene unaonekana mfupi. Mdomo hutoa jibu lililo wazi zaidi. Wa kifua-cheupe ni mrefu, mzito, wa rangi ya kijivu, na ncha ya juu imepinda kama ndoano. Chini ya shina lake pana ngozi tupu ya manjano inayoonekana hata kwa mbali. Wa mkia-mrefu ni mfupi na wa manjano, nao hufanya kichwa chake kionekane kidogo na cha mviringo, karibu kama cha njiwa. Mtu akishazoea umbo hilo la kichwa hahitaji tena kuuliza habari ya tumbo.

Ukibahatika kuwa na darubini nzuri na ndege asiye mwoga, tazama jicho na bawa. Jicho la mkia-mrefu aliyekomaa ni jekundu kama shanga. La kifua-cheupe ni la kijani kilichokolea. Msimu wa kuzaliana mkia-mrefu huota kishungi kifupi kwenye paji la uso, juu tu ya mdomo, ambacho husimama upepo ukivuma. Kwenye bawa, kila unyoya mdogo wa juu ni wa rangi ya fedha na una ncha nyeusi, hivi kwamba bawa zima linaonekana limetiwa madoa kwa mpangilio. Bawa la kifua-cheupe lina ung'avu wa shaba, na kila unyoya umezungushiwa ukingo mweusi, kama magamba ya samaki. Nasisitiza kwamba dalili za jicho ni za ndege waliokomaa. Makinda wa aina zote mbili wana macho yaliyofifia, na kuyategemea ni kujitia mashakani.

Niseme pia neno kuhusu weupe wenyewe, kwa kuwa najua hatuwezi kuacha kuutazama. Katika kifua-cheupe aliyekomaa weupe huanzia kidevuni, hushuka mbele ya shingo hadi kifuani, na hukatika ghafla pale unapokutana na weusi wa tumbo. Kinda wa mkia-mrefu hana mkato huo. Weupe wake umechafuka na huendelea hadi tumboni. Shida ni kwamba kinda wa kifua-cheupe naye huweza kuwa mweupe hadi tumboni, kwa hiyo ukiona weupe usiokatika unarudi palepale kwenye mkia na mdomo.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike uzi huu badala ya maoni mafupi chini ya picha. Tumezoea kuwaona hawa kama ndege mmoja mwenye saizi mbili, na mazoea hayo yanatuficha mambo mengi. Wataalamu wanaochunguza nasaba za ndege wamewaweka katika jenasi mbili tofauti, yaani makundi mawili ya spishi zenye undugu wa karibu. Kifua-cheupe ni Phalacrocorax, pamoja na minandi wakubwa wa Ulaya na Asia. Mkia-mrefu ni Microcarbo, kundi la minandi wadogo wa spishi tano tu duniani kote, na koo hizo mbili ziliachana zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Mwanasayansi Linnaeus alipomwandika mnandi mkubwa wa Ulaya mwaka 1758, na mwenzake Gmelin alipomwandika mkia-mrefu mwaka 1789, wote wawili waliwatia katika jenasi moja na mwari, yule ndege mwenye mfuko chini ya mdomo, jambo ambalo leo hakuna anayelikubali. Uainishaji huo umebadilika kwa sababu za msingi, na ukikaa ukingoni mwa maji ukatazama jinsi kila mmoja anavyotafuta riziki, utaona kwamba tofauti hiyo ya koo inaonekana kazini.

Vifaa vyao vya kupiga mbizi kwa sehemu kubwa ni vilevile. Vidole vyote vinne vya mguu vimeunganishwa kwa utando, tofauti na bata ambaye utando wake hushika vidole vitatu vya mbele tu, na chini ya maji husukuma kwa miguu huku mabawa yamefumbwa. Matundu ya pua yamezibika kwa nje, na ndege aliyekomaa hupumua kwa kinywa. Misuli ya jicho inaweza kubadilisha umbo la lenzi kwa kiasi kikubwa, ili aone vizuri hewani na aone vizuri majini. Manyoya nayo yana ufundi wake: sehemu ya nje ya kila unyoya hulowa maji, na sehemu ya ndani, iliyo karibu na ngozi, hukataa kulowa. Hivyo ndege hupunguza hewa inayomwelesha, akazama kwa urahisi, lakini ngozi yake hubaki kavu. Gharama ya mpango huo ni ile tunayoipiga picha kila siku, yaani ndege aliyesimama juani na mabawa yake yamekunjuliwa akisubiri yakauke.

Kwa vifaa hivyo hivyo wamejichagulia kazi mbili. Kifua-cheupe ni wa maji wazi. Mwili mkubwa hubeba oksijeni nyingi zaidi na haupoi upesi, kwa hiyo anaweza kushuka mita kadhaa, mara nyingi zisizozidi 10, na akihitaji huenda chini zaidi ya hapo, akifukuza samaki wa urefu wa kiganja au zaidi. Huweza pia kuvua kwa kundi: ndege kadhaa hupangana, wakasogea upande mmoja, wanazama na kuibuka, na samaki anayemkimbia mmoja anaangukia mikononi mwa mwingine. Mkia-mrefu huvua peke yake. Utamkuta kwenye maji mafupi, kando ya mafunjo na matete, mahali ambapo mnandi mkubwa angekosa nafasi ya kugeuka. Hushika samaki wadogo, wembamba, wasio na mbio, akaongeza vyura na wadudu wa majini. Ninavyoona mimi, mkia ule mrefu ndio usukani wa kazi hiyo ya kujipenyeza katikati ya mashina, ingawa sidai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya kuwa nao.

Hapo ndipo lawama za wavuvi zinapopaswa kuangaliwa upya. Kwenye maziwa yetu minandi huitwa wezi, na mara nyingi lawama humwangukia mnandi yeyote aliye karibu. Kifua-cheupe hukadiriwa kula nusu kilo ya samaki kwa siku au karibu na hapo, na baadhi ya samaki hao ni wale ambao mvuvi angewauza siku moja. Sitaki kujifanya kwamba mvuvi hana hoja yoyote. Lakini mkia-mrefu hula samaki wa gramu chache, pamoja na vyura, na sioni ni kwa haki gani anatiwa katika hesabu hiyo. Kumfukuza au kumpiga mawe kwa kosa la jamaa yake mkubwa ni dhuluma ya wazi, na inatokana moja kwa moja na ile tabia ya kusema kwamba wote ni mnandi tu.

Mfano wa Naivasha unastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa kuwa ndilo ziwa ambalo wengi wetu wa Nairobi hulifikia kwa urahisi. Samaki wa asili wa ziwa hilo alikuwa mmoja tu, samaki mdogo mno, na tangu miaka ya 1960 hajaonekana tena. Karibu samaki wengine wote tunaowasikia pale waliletwa na binadamu au waliingia kwa sababu ya binadamu: besi wa Marekani tangu miaka ya 1920, tilapia wa aina mbalimbali, na kapi ambaye alijaa ziwani kuanzia miaka ya 2000. Hata kamba wa maji baridi kutoka Louisiana alipandikizwa huko karibu mwaka 1970. Kwa maneno mengine, meza ambayo minandi wanatuhumiwa kuivamia tuliiandaa sisi wenyewe, tena kwa miaka mingi, na ingekuwa ajabu kama ndege wanaoishi kwa samaki wasingeisogelea.

Nakuru inatoa ushahidi ulio wazi zaidi wa jambo hilohilo. Ziwa lile la magadi halikuwa na samaki. Kuanzia miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, tilapia mdogo wa Ziwa Magadi aliyezoea maji makali alipelekwa huko, na alipostawi walifuata mwari kwa maelfu, minandi na ndege wengine walao samaki, mahali ambapo kabla ya hapo mwenye nyumba mkuu alikuwa heroe (flamingo). Idadi ya minandi, basi, hufuata samaki. Anayetaka kujua kwa nini samaki wamepungua katika ziwa fulani aanze kwa kuuliza habari za nyavu zenye matundu madogo, uchafu unaoshuka na mito, na gugu maji, kabla hajanyosha kidole juu ya mti wenye ndege.

Wavuvi na minandi wana deni jingine ambalo halisemwi sana. Nyavu za makila, yaani zile zinazomnasa samaki mashavuni, zinapoachwa zimetegwa majini, hunasa ndege wanaozama kama zinavyonasa samaki, na mnandi aliyenaswa chini ya maji hufa kwa kukosa pumzi. Aina hizi mbili haziko katika hatari ya kutoweka, nashukuru kusema hivyo, ila kutokuwa hatarini si sababu ya kupuuza vifo ambavyo vinaweza kuzuiwa kwa kutoacha nyavu kuukuu ziwani.

Nimepokea maswali kadhaa, na nitayajibu hapa ili wote wafaidike.

Ndugu aliyeuliza kwa nini vitabu vingine humwandika kifua-cheupe kama Phalacrocorax lucidus na vingine kama Phalacrocorax carbo lucidus: ni suala la wataalamu kutokubaliana. Wapo wanaomhesabu kuwa spishi kamili ya Afrika, na wapo wanaomwona kuwa nususpishi ya yule mnandi mkubwa anayepatikana hadi Ulaya na Asia. Ukitumia jina lolote kati ya hayo mawili hujakosea, mradi ushikilie moja katika kumbukumbu zako.

Dada aliyetaka kujua kwa nini tunawahesabu pamoja na ndege wa baharini ilhali tunawaona kwenye maji baridi, swali lako ni zuri sana. Jamii ya minandi kwa ujumla ni ya pwani, na wengi wao duniani huvua baharini. Wana tezi juu ya macho zinazochuja chumvi kutoka kwenye damu, na maji hayo ya chumvi huteremka hadi ncha ya mdomo. Kifua-cheupe mwenyewe huzaa kwenye pwani na visiwa vya Namibia na Afrika Kusini, akiwa jirani wa mnandi wa Rasi ambaye hutegemea dagaa wa mkondo baridi wa Benguela. Mkia-mrefu ana ndugu wa karibu sana huko, mnandi mwenye kishungi kirefu zaidi ambaye haondoki kwenye miamba ya bahari, na zamani wawili hao walidhaniwa kuwa spishi moja. Mmoja alibaki na mawimbi, mwingine akatapakaa kwenye maziwa, mito na mabwawa karibu kote Afrika kusini mwa Sahara. Kwangu mimi hilo ni jambo la kustaajabisha kuliko tofauti yoyote ya rangi.

Mzee wangu aliyeandika kwamba huenda ndege wa kwenye picha yake alikuwa mbizi, nimeitazama tena na nakubaliana naye. Mbizi ana shingo nyembamba, ndefu, iliyojikunja mfano wa nyoka, na mdomo wake umenyooka ukachongoka kama mkuki, hauna ndoano. Humchoma samaki, ilhali mnandi humbana. Akiogelea, mara nyingi mwili wote huzama, na shingo peke yake ndiyo inayoonekana juu ya maji.

Kwa waliouliza pa kuwatafuta bila kusafiri mbali: mkia-mrefu ndiye mwenye kupatikana kwa urahisi zaidi kwenye mabwawa ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kifua-cheupe huweza kupatikana kwenye mabwawa hayohayo, lakini mwenye nia ya kuwaona kwa wingi afike Naivasha, ambako migunga iliyokufa baada ya maji kupanda miaka ya karibuni imekuwa malalo yao. Anayeanza kabisa asione haya kujiunga na matembezi ya asubuhi ya Jumatano yanayoandaliwa na Nature Kenya kutoka Makumbusho ya Taifa; kusimama karibu na mtu mwenye uzoefu kwa saa mbili kunafundisha kuliko mabishano ya picha.

Swali la mwisho lilihusu viota, na hapa naomba tusomane vizuri. Aina zote mbili huzaa kwa makoloni, mara nyingi juu ya miti iliyo majini, zikichanganyika na korongo, mbizi na kwarara. Kifua-cheupe hutaga mayai 3 hadi 5 na huyaatamia kwa takriban mwezi mmoja. Mkia-mrefu hutaga 2 hadi 4 na huyaatamia kwa siku zipatazo 24. Mayai ni ya samawati iliyopauka, yamefunikwa na utando kama chokaa, na makinda hutoka wakiwa uchi na vipofu, hawana hata manyoya ya malaika. Mashua ikisogea sana, wazazi huruka wote kwa pamoja, jua la mchana huwachoma makinda katika dakika chache, na ndege walao nyama hutumia nafasi hiyo kujichukulia. Ukiwa na nahodha anayekuhimiza usogee upate picha nzuri zaidi, mwombe azime injini mapema na mkae mbali, mpaka uone kwamba ndege walio juu ya viota hawanyooshi shingo kuwatazama.